Barua ya wazi kwa wakuu wa michezo ya vyuo Marekani: mnawachukua wakimbiaji wetu, basi walipeni, na walikofundishwa parudishiwe kitu

Kwako Ndugu Charlie Baker, Rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, Indianapolis. Na kwenu wakurugenzi wa michezo wa vyuo vya Marekani mnaotafuta wakimbiaji huku kwetu. Nakala kwa vyama vya riadha vya Tanzania na Kenya, na wizara zetu za michezo.

Salaam sana wazee. Mimi ni mwalimu wa michezo, sekondari ya kata, mkoa wa Manyara, ukanda huu huu wa juu alikotoka mzee wetu wa marathoni, John Stephen Akhwari. Mchana nafundisha jiografia, saa kumi jioni niko barabarani na watoto, saa ya kuhesabia muda iko shingoni. Naandika kwa Kiswahili maana jambo lenyewe linawahusu watu wanaosoma Kiswahili, wakilielewa vizuri watalisemea wenyewe, na nyinyi vyuo vyenu vingi vinafundisha hii lugha kwa hiyo wa kuwasomea mnaye.

Ninachotaka nakisema mapema ili asiye na muda ajue. Mtoto wa huku akikimbilia chuo chenu apate haki ya kulipwa kama wenzake anaovaa nao jezi moja, na pale alipofundishwa kukimbia parudishiwe kitu. Ni hayo tu. Mpira wa miguu una utaratibu huu tangu 2001, pamoja na matatizo yake yote, na sioni kwa nini michezo ya vyuo yenye mabilioni ya dola ishindwe.

Nianze na huo mpira maana wengi wetu tunaujua kwa kushangilia ila hela zake zinavyotembea hatuzijui. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka 23. Msimu wa miaka 12 hadi 15 kila mmoja una robo asilimia, kuanzia 16 hadi 23 kila msimu nusu asilimia. Wanaita mchango wa mshikamano. Mbwana Samatta alipouzwa na Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, dunia nzima ilikuwa inaangalia Birmingham, lakini kwa kanuni hiyo macho yalitakiwa yaangalie pia Dar es Salaam na Lubumbashi, maana kabla ya Ubelgiji alipita African Lyon, Simba na TP Mazembe. Piga hesabu ya mfano tu, ada ikiwa pauni milioni 8, nusu asilimia ni pauni elfu 40 kwa msimu mmoja. Kwa klabu ya Uingereza hiyo ni hela ndogo sana, kwa klabu ya mtaani huku hiyo ni kiwanja, mipira, nauli za mwaka na mshahara wa kocha.

Na kuna nyingine inaitwa fidia ya mafunzo, hiyo ni pale kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. FIFA imezipanga klabu kwa madaraja, na kwa Afrika daraja la chini kabisa, la nne, limewekewa dola 2,000 kwa kila mwaka wa mafunzo. Naomba mnikumbukie hiyo namba ya dola 2,000, nitairudia.

Tena FIFA wameongeza. Kwa Kombe la Dunia la 2026 wametenga dola milioni 355 kwa ajili ya klabu zinazotoa wachezaji kwenda timu za taifa, mpaka za michezo ya kufuzu zimo. Yani klabu inalipwa kwa sababu mchezaji wake kaenda kucheza kwingine kwa wiki chache. Mimi nina mengi ya kuwalaumu FIFA, bei za tiketi za hilo kombe peke yake ni barua nyingine, lakini kwenye hili la kukumbuka mchezaji katoka wapi wametangulia mbele yenu mbali sana.

Sasa tuje kwenu.

Wakimbiaji wa Afrika Mashariki mmeanza kuwachukua zaidi ya miaka 50 iliyopita. Suleiman Nyambui wetu, mtoto wa Mara, alikimbilia chuo cha UTEP kule El Paso, Texas, akawabebea mataji kibao, na mwaka 1980 Moscow akatuletea fedha ya mita 5,000. Chuo hicho miaka ile kilitawala mbio za nyika za vyuo na wengi wa waliokimbia walikuwa Waafrika. Peter Rono, dhahabu ya mita 1,500 Seoul 1988, alikuwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's. Paul Ereng, dhahabu ya mita 800 mwaka huo huo, alikuwa Virginia. Sharon Lokedi aliyeshinda marathoni ya New York 2022 na kuvunja rekodi ya njia ya marathoni ya Boston 2025 kwa saa 2:17:22 alisomea Kansas. Edward Cheserek alichukua mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, hakuna mwanaume mwingine aliyefika hapo. Na hivi karibuni Doris Lemngole wa Alabama, bingwa wa mbio za nyika 2024 na tena 2025, mwanafunzi wa kwanza wa chuo kukimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika 9, alikimbia 8:58.15 pale Eugene Juni 2025.

Lakini anayenikaa moyoni ni Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Nne! Sijui kama kuna mtu atakuja kufanya hivyo tena. Jina la chuo kilichokuwa kijijini kabisa jimbo la Washington likasomwa dunia nzima. Yeye sheria zenu za wakati ule za ridhaa hazikumruhusu kuchuma chochote kwa jina lake, halafu siasa zikammaliza upande wa pili, Kenya ikasusia Olimpiki ya 1976 na ya 1980 kwa hiyo hakukimbia hata moja. Baadaye pombe ikamshika, akaishi maisha magumu huko huko Marekani, kuna wakati hakuwa hata na pa kulala, akarudi nyumbani Kenya uzeeni, na Februari 2024 akafariki. Sisemi chuo ndicho kilimuua, hapana, mtu ana maisha yake. Nasema kijana aliyekipa chuo umaarufu kiasi kile hakuwa na haki yoyote kwenye vitabu vya hesabu vya mtu yeyote, wala shule iliyomlea, wala kijiji chake Nandi. Kimaandishi ni kama alidondoka kutoka mbinguni siku aliyosajiliwa.

Mtaniambia zamani hakuna aliyelipwa, hata Wamarekani. Ni kweli, na ndo maana naandika sasa hivi, kwa sababu sasa hivi mmeanza kulipa.

Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi yenu NCAA, majaji tisa kwa sifuri, kwenye kesi ya Alston, iliyohusu mipaka mliyowawekea wanamichezo kwenye mafao ya masomo. Tarehe 1 Julai mwaka huo mkafungua mlango wanamichezo wauze jina na sura zao kwenye matangazo. Halafu tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo waliodai kulipwa: karibu dola bilioni 2.8 za malipo ya nyuma, zitalipwa kwa miaka 10, na kuanzia msimu wa 2025-26 kila chuo kiruhusiwe kuwagawia wanamichezo wake, mwaka huo wa kwanza mpaka dola milioni 20.5. Mimi nilifurahi kwa dhati niliposoma. Vijana walifanya kazi kwa miaka mingi huku makocha wakitajirika, Texas A&M mwaka 2023 walimfukuza kocha mmoja wa futiboli ya Kimarekani, Jimbo Fisher, na kuvunja mkataba tu kukawagharimu zaidi ya dola milioni 75. Kumfukuza, sio kumwajiri. Na mashindano yenu ya basketi ya mwezi Machi, mkataba wa runinga ulioongezwa 2016 ulikuwa wa dola bilioni 8.8 kwa miaka 8 mpaka 2032. Hela ipo, hilo tusibishane.

Sasa angalia mkimbiaji wa kutoka Iten kule Kenya au Mbulu huku Manyara yuko wapi kwenye hiyo sherehe. Mgao ambao vyuo vingi vikubwa vimeufuata ni asilimia 75 kwa futiboli yao, 15 basketi ya wanaume, 5 basketi ya wanawake, na 5 inayobaki ndo ya michezo mingine yote. Asilimia 5 ya milioni 20.5 ni kama dola milioni moja na kidogo, hapo wamo waogeleaji, wacheza tenisi, wacheza gofu, wacheza soka, wapiga makasia na wakimbiaji wote. Ukishafika kwa mtu wa mbio ndefu zimebaki senti. Na hizo senti zenyewe mtoto wetu anaogopa kuzigusa kwa sababu ya viza.

Hapa naomba wasomaji wenzangu mnielewe vizuri maana wazazi wengi hawaambiwi. Mwanafunzi wa kigeni anaingia Marekani kwa viza ya F-1. Hiyo viza inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kazi ya nje inataka kibali maalum. Kupiga picha ya tangazo la kiatu, kusaini kadi, kutokea kwenye duka la mtu, hiyo ni kazi, na ukifanya kazi bila kibali unaweza kupoteza viza na kurudishwa. Kwa hiyo tangu 2021 Mmarekani aliye njia ya nne anasaini mikataba, mgeni aliye njia ya tano aliyemshinda anashauriwa na mwanasheria wa chuo asiguse kitu. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa basketi ya vyuo Marekani nzima mwaka 2022 akiwa Kentucky. Ili aweze kufanya matangazo yake ilibidi asubiri timu iende ziara Bahamas Agosti mwaka ule, nje ya ardhi ya Marekani, ndo akafanya huko. Mchezaji bora wa nchi nzima! Sasa yeye ni basketi na ni Kentucky, ana mawakili na ana timu inayosafiri na ndege. Binti wa mbio ndefu kwenye chuo cha katikati ya nchi, baridi imemkata, Kiingereza bado kinampiga chenga, nani atampeleka Bahamas?

Na kuna kodi. Hili niliposikia mara ya kwanza nilidhani ni uongo wa mitandaoni, nikalitafuta, ni kweli. Mmarekani kwa kawaida hakatwi juu kwa juu kwenye skolashipu yake. Mgeni wa viza ya F-1, ile sehemu ya skolashipu inayolipia chumba na chakula inahesabika kipato na inakatwa asilimia 14, labda nchi yake iwe na mkataba wa kodi na Marekani unaomwondolea. Tanzania haina huo mkataba. Kenya haina. Yani mtoto hana ruhusa ya kuchuma nje lakini chakula anachokula mezani kinakatwa kodi, na hela ya kulipa hiyo kodi anaitoa wapi? Ndo hapo unakuta anaosha vyombo kantini ya chuo zile saa 20 zake halafu asubuhi anatakiwa akimbie kilomita 16 na kocha anamuuliza mbona umechoka.

Kabla sijaendelea niwe mkweli kwenu maana sitaki mje mseme huyu mwalimu anaona ubaya tu. Elimu mliyotoa ni kitu kikubwa. Mike Boit, shaba ya mita 800 Munich 1972, alisoma kwenu mpaka udaktari pale Oregon, akarudi kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kuna manesi, wahasibu, mainjinia wametokana na mbio, wamejenga nyumba za wazazi wao, wamesomesha wadogo zao. Mimi mwenyewe kuna watoto nawasukuma usiku na mchana wafike viwango vyenu na nitaendelea. Kama skolashipu ingekuwa mwisho wa hesabu kwa kila mtu nisingeandika barua. Ila nyinyi wenyewe mmeshakubali mahakamani kwamba skolashipu peke yake haitoshi. Mmekubali kwa Wamarekani. Sasa kwa nini itoshe kwa wa kwetu?

Na wengine walioona hakuna njia walikwenda jeshini. Paul Chelimo alisoma North Carolina kule Greensboro, akajiunga na jeshi la Marekani kupitia programu iliyokuwa inachukua wageni wenye ujuzi maalum na lugha adimu, akapata uraia, na Rio 2016 akashinda fedha ya mita 5,000 akiwa amevaa jezi ya Marekani. Shadrack Kipchirchir, Leonard Korir, Sam Chelanga, wote walipita vyuoni kisha jeshini. Siwalaumu hata kidogo, kila mtu anatafuta maisha. Ila kwa chama cha riadha cha nchi, huo ni mchezaji aliyeondoka na medali yake bila hata barua ya asante. Kwenye mpira angalau ingekatwa ile asilimia.

Kuna kitu kimoja nakisema kwa uchungu kwa sababu nimekiona mwenyewe. Kocha wa chuo kimoja, sikitaji, alikuwa ananitumia ujumbe WhatsApp miezi kadhaa, anataka muda wa binti mmoja wa kwangu, anataka video, anataka matokeo ya kidato cha nne, anataka cheti cha kuzaliwa, nikavifuatilia vyote, nauli yangu, bando langu, nikamlipia hata picha za pasipoti. Mwisho nikamuuliza kwa heshima kama chuo chao kinaweza kutusaidia hata raba za mitumba za wanafunzi wao wanaozitupa kila msimu, maana huku wapo wanaokimbia peku. Akanijibu kwamba sheria hairuhusu kuwapa chochote watu wanaohusiana na mchezaji anayetarajiwa. Nikafuatilia, kweli zipo sheria za namna hiyo za kuzuia rushwa ya usajili, na nia yake naielewa, mtu asimnunue mtoto kupitia kwa mjomba wake. Sasa kama sheria inazuia chuo kimoja kimoja kisitoe kitu chini ya meza, hiyo ni sababu nzuri kabisa ya kuweka mfuko mmoja juu ya meza, unaosimamiwa na NCAA yenyewe, wenye kiwango kimoja kwa wote.

Ndo narudi kwenye ile dola 2,000. Najua hoja yenu, kwamba mkimbiaji hauzwi, hana ada ya uhamisho, asilimia 5 ya nini? Sawa. Basi chukueni ile fidia ya mafunzo. Mwanafunzi wa kigeni akisajiliwa na chuo cha daraja la kwanza kwa skolashipu ya mbio, chuo kichangie kwenye mfuko dola 2,000 kwa kila mwaka aliofundishwa kwenye shule au kambi inayotambulika nyumbani kwao kabla hajaja. Kama ni miaka minne ni dola 8,000, kwa hela yetu kama milioni 20. Fikirieni hiyo milioni 20 ikaingia kwenye akaunti ya shule ya serikali huku, sio mfukoni mwa mwalimu, kwenye akaunti ya shule, ikakaguliwa: uji wa saa nne kwa timu nzima mwaka mzima, raba, nauli ya kwenda UMISSETA, mashindano ya shule zetu za sekondari, bila kupitisha kofia kwa wazazi, na daktari wa kumwangalia binti anayeumwa goti. Kwenu ni hela ambayo timu ya futiboli inaimaliza kwenye chakula cha safari moja. Pale St. Patrick's Iten, Bruda Colm O'Connell alifika 1976 kufundisha jiografia kama mimi, na mabingwa waliopita mikononi mwake hawahesabiki. Fikirieni shule ile ingekuwa inapata hata dola 2,000 kwa mwaka kwa kila aliyekuja kwenu.

Na msiseme Wamarekani hawalielewi jambo hili. DeAndre Yedlin alipouzwa kutoka Seattle kwenda Tottenham mwaka 2014, klabu ya vijana iliyomlea, Crossfire Premier, ilidai sehemu yake ya mchango wa mshikamano. Dallas Texans wakadai kwa Clint Dempsey, Sockers ya Chicago kwa Michael Bradley. Walipigana miaka, kikwazo kikiwa shirikisho lao wenyewe lililosema sheria za Marekani hazilingani na utaratibu huo. Ligi yao ya MLS ilipinga muda mrefu halafu 2019 ikageuka na kutangaza nayo itaanza kudai. Kwa hiyo mtu wa Seattle aliyemlea mtoto anaona ni haki alipwe na London. Hicho hicho ndo tunachosema, ila London hapa ni Alabama, ni New Mexico, ni Iowa State, na Seattle ni Mbulu.

Mzee Baker, wewe umekuwa gavana wa Massachusetts miaka minane, siasa unazijua. Watu wako wako bungeni Washington wanaomba sheria ya kuwalinda na kesi za ushindani, mswada unaoitwa SCORE uliingizwa Julai 2025. Mnapoomba ulinzi wenu, ombeni na kifungu kimoja cha mwanafunzi wa F-1, kwamba malipo anayopewa na chuo chake kwa sababu ya mchezo na matangazo ya jina lake yasihesabike kuvunja masharti ya viza. Mna mawakili wazuri kuliko sisi, wataandika vizuri. Na ile kodi ya asilimia 14, hiyo haihitaji hata bunge, chuo kinaweza kuamua kesho kukibeba hicho kiasi chenyewe kama sehemu ya skolashipu.

Viza zenyewe ndo zimegeuka ukuta sasa. Burundi tangu Juni 2025 viza za wanafunzi zilisimamishwa. Tanzania nasi tukaingizwa kwenye tangazo la Rais wa Marekani la kuzuia viza la Desemba 2025, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Ninao watoto wenye muda mzuri kabisa, wamefanya mtihani wa Kiingereza, barua ya chuo wanayo, wamekaa nyumbani. Halafu kwenye matangazo hayo hayo kuna msamaha kwa wachezaji wanaokwenda Kombe la Dunia, Olimpiki na mashindano makubwa mengine, wao, makocha wao, hadi ndugu zao wa karibu. Nimelisoma hilo mara nyingi. Maana yake serikali yenu inajua kabisa jinsi ya kufungua mlango pale ambapo kuna tiketi za kuuzwa na runinga za kulipwa. FIFA walizungumza na Ikulu ya Marekani, wakasikilizwa. Nyinyi mliotumia miguu ya watoto hawa tangu enzi za Nyambui, mmezungumza na nani?

Nanyi wa nyumbani msidhani nimewasahau. Kwenye mpira hela nyingi za mshikamano zilikuwa hazifiki kwa wenyewe miaka mingi, ndo maana FIFA wakafungua ile FIFA Clearing House yao Paris mwaka 2022, mchezaji ana pasipoti ya kielektroniki inayoonyesha kila klabu aliyopita. Klabu ambayo haikumsajili mtoto vizuri haionekani kwenye hiyo pasipoti na haipati kitu. Sasa chama chetu cha riadha, mtoto akikimbia UMISSETA leo kuna rekodi gani inayobaki? Karatasi ya matokeo imebandikwa ukutani, mvua ikinyesha imekwisha. Majina yanabadilika, mtoto anaitwa hivi shule ya msingi, vile sekondari, tarehe ya kuzaliwa tatu tofauti, na wengine wanafanya makusudi ili waonekane wadogo. Halafu madalali wanapita vijijini wanachukua hela kwa wazazi kwa ahadi ya skolashipu ambayo chuo kinaitoa bure. Kesho NCAA wakisema haya tutalipa, leteni orodha ya nani alimfundisha nani, tutapeleka nini? Kenya angalau wana kambi zinazojulikana na makocha wanaojulikana, sisi Tanzania tuna dhahabu ya dunia ya marathoni ya Alphonce Simbu, Tokyo 2025, na bado hatuna daftari la watoto wanaokimbia. Daftari tu, halihitaji mfadhili. Baraza la Michezo la Taifa lianze na shule za Manyara, Arusha, Singida na Mara, mimi nipo tayari kuandika la wilaya yangu bila posho.

Kuna Wamarekani wanaolalamika kwamba Wakenya wanajaza njia za mbio, wanachukua skolashipu za watoto wa huko. Nawaelewa, mzazi ni mzazi. Lakini aliyewaita ni kocha wa chuo, na amewaita kwa sababu ni njia rahisi ya kupata pointi. Washington State, chuo kile kile cha Rono, Juni 2025 kimetangaza kufuta matukio ya kuruka na kurusha na kupunguza mbio fupi, kibaki na mbio ndefu. Mbio ndefu hazina gharama, kiatu na barabara. Kama chuo kingejua kumleta mkimbiaji kutoka huku kuna mchango wa kulipa nyumbani kwao, kingefikiri mara mbili amlete nani na kwa nini, na aliyeletwa angetunzwa kama mtu ambaye kuna mahali anadaiwa taarifa zake. Hata huyo mzazi wa Marekani angefaidika.

Vitu ninavyoomba mnaweza kuvijibu kwa ukurasa mmoja. Kifungu cha F-1 mtakiomba au hamtakiomba. Kodi ya chakula vyuo vitaibeba au havitaibeba. Mfuko wa fidia ya mafunzo mtaujadili kwenye mkutano wenu mkuu wa Januari au hamtaujadili. Jibu la hapana nalo nitalipokea na nitalisoma mbele ya watoto wangu wa mbio, wana haki ya kujua wanakimbilia nini.

Wenu,
Mwalimu wa michezo, sekondari ya kata, Manyara, Tanzania